Simu Kumi na Moja na Panga la Ma Leokadia

Kutoka Songea hadi Kayanga, Karagwe, nilitumia siku nne, na kama ningekusanya muda niliopoteza kueleza kwa nini nina simu kumi na moja, ingepatikana siku ya tano. Zilikuwa ndani ya boksi la sabuni, nimelifunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Makambako waliniuliza kama nauza. Dodoma mama mmoja niliyekaa naye kiti cha jirani aliniombea dua nifunguliwe kutoka kwenye wizi. Singida, Kahama, Nyakanazi, kila basi liliposimama boksi lilifunguka lenyewe kama mdomo wa mlevi, nami nikaanza maelezo upya. Pale Kyaka, karibu na daraja, askari aliliweka boksi juu ya meza yake akazipanga simu mstari mmoja.

"Zote hizi ni za nani?"

"Zangu, afande."

"Una masikio mangapi?"

"Mawili, afande. Hizi ni za kupimia."

"Kupimia nini?"

"Programu za simu. Nikifika kazini naweka programu kwenye kila moja, naangalia ipi inakataa."

Akabonyeza ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka ya mwisho. "Kazi yako imekwisha," akasema. "Zote zinakataa. Hakuna hata moja yenye chaji." Kisha akazirudisha, akalifunga boksi kwa mikono yake, mafundo mawili ya haja. "Siku nyingine funga vizuri. Umefunga kama mtu anayekimbia."

Hakukosea sana. Nimekimbia mambo mengi maishani, mengi yakiwa hayanifukuzi.

Kutoka Kyaka barabara inapanda, na mimi mtu wa mahindi nikaona kitu nilichodhani ni msitu. Nikamwambia abiria wa pembeni kwamba huku mna pori zuri. Akanitazama kwa huruma. "Hilo si pori. Hiyo ni nyumba ya mtu. Nyumba iko ndani ya migomba." Huo ndio uliokuwa ukaguzi wangu wa kwanza Karagwe, na matokeo yake: imeshindwa.

Nawaandikia ninyi vijana mnaoanza kazi ya kupima programu. Mimi nimestaafu. Msicheke. Nina miaka arobaini na minne na cheti cha kidato cha nne chenye alama ya kikombe cha chai, lakini katika kazi hii mtu akifika arobaini anaitwa mzee, na kiti chake kinapigiwa mahesabu na watu wawili. Kabla ya hapo niliuza mitumba Mbinga, nikafundisha watu kuendesha pikipiki Tunduru bila kuwa na leseni, nikatengeneza simu sokoni Songea. Kazi ya upimaji niliipata kwa kuua. Injinia mmoja aliyekuwa safarini, Evodius, mtu wa Muleba, aliniletea simu iliyokufa. Niliifufua, halafu kwa majivuno nikamwonyesha jinsi ya kuiua tena kwa kubonyeza vitufe vitatu kwa pamoja. Mwaka uliofuata akanipigia: "Yule muuaji wa simu bado yupo?" Nilikuwepo. Miguu ilikuwa inaniwasha tayari.

Kayanga tulikuwa watu watatu kwenye chumba kimoja. Evodius alikuwa mkuu: shati limenyooshwa, kalamu tatu mfukoni. Domina, binti wa Ihanda, ndiye aliyeandika programu yenyewe; alikuja kazini kwa pikipiki yake na hakumwogopa mtu. Mimi nilikuwa mpimaji. Programu ilikuwa na jina refu kwenye karatasi za mradi, sisi tuliiita Daktari. Unaupiga mgomba picha, Daktari anakwambia kama una mnyauko. Mnyauko ni ugonjwa unaomfanya mtu wa huku aamke asubuhi atazame majani yake kabla ya kutazama watoto. Mgomba ukiupata unang'olewa, na ukienea shamba zima linang'olewa.

Sasa niwaeleze zana, maana najua ndicho mlichokifuata hapa. Mpimaji anahitaji mahali pa kuandika nini amepima, kwa simu gani, na kimetokea nini. Majina ya kweli ya zana zetu siyataji. Bado zinatafuta wateja, na sina ugomvi nazo.

Tulianza na Jedwali, lile la kawaida, mistari na safu. Jedwali ni kama jembe: halina maringo, kila mtu analijua, na kila mtu analiacha mvuani. Mwezi haujaisha tulikuwa na Jedwali la Mwisho, Jedwali la Mwisho Kabisa, na Jedwali la Evodius Msiguse. Siku moja Domina aliipanga safu moja kwa alfabeti akasahau nyingine, majaribio yakabadilishana matokeo. Kwa siku tatu tuliamini kwamba Daktari anaanguka kila mtu anaposoma ukurasa wa shukrani.

Ndipo akaletwa Mheshimiwa. Huyu tulimkodi kwa mwezi kutoka ng'ambo. Ukitaka kuandika kwamba kitufe hakibonyezeki, Mheshimiwa anakuuliza kwanza mambo ishirini na mawili, likiwemo jina la simu, toleo lake, na kitufe hicho kinamhusu nani katika uongozi. Lazima niseme haki: Mheshimiwa hasahau. Ukimuuliza nani alipima hiki, lini, kwa kifaa gani, anajibu bila kukohoa. Lakini anataka mtandao, na mtandao wa mabondeni Ihembe unakuja kama shemeji, siku anayojua mwenyewe. Nilikuwa napima asubuhi kijijini, naandika jioni Kayanga, na katikati hapo nusu ya ukweli ilikuwa imeshuka njiani.

Wa tatu alikuwa Kijani. Kijani ni wa bure. Aliishi ndani ya kompyuta kuukuu chini ya meza ya Domina, pale alipoanika koti lake la mvua. Kijani alikuwa na mambo mawili mazuri. La kwanza, duara kubwa lililokuwa likigeuka kijani kila jaribio lilipopita. La pili, kitufe kilichoandikwa "nakili chini", kinachochukua matokeo ya mstari mmoja na kuyateremsha kwenye mistari yote unayotaka. Kikumbukeni kitufe hicho.

Injinia alitengeneza ulinganisho wa zana hizo tatu wenye vipengele arobaini. Tuliujadili wiki sita. Katika wiki hizo sita hatukupima kitu hata kimoja. Nilipolisema hilo kikaoni, Injinia aliinua kalamu akaliandika kuwa kipengele cha arobaini na moja.

"Tatizo si watu," alikuwa akipenda kusema. "Tatizo ni zana."

"Injinia," Domina akamwambia, "tukipata zana nzuri zaidi si itabidi tupate na kitu cha kupima?"

Basi nikatumwa Ihembe, kwa familia nane zilizokubali tujaribie kwenye migomba yao. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Ma Leokadia. Ma ni mama, huku ndivyo wanavyomheshimu mwanamke mzima. Alikuwa mjane, umri umemwinamisha kidogo lakini haujampunguzia sauti. Nikampa shikamoo, akaitika, akanikalisha, akaniletea kahawa. Si ya kunywa. Ni buni zilizochemshwa na kukaushwa, unatafuna. Nikamkabidhi simu mpya ya ofisini, nikamweleza. Akaigeuza huku na huku, mara kidole kikagusa, simu ikapiga picha ya kitenge chake chenye maua ya majani. Daktari akafikiri, akaandika: Mgomba huu una afya njema.

Nikasubiri acheke. Hakucheka.

"Unaionaje, Ma?"

"Ni nzuri sana. Asante kwa kuja."

Nyumba ya pili, Daktari aligoma kufunguka. "Ni nzuri sana, asante kwa kuja." Nyumba ya tano aliupima mgomba akasema ni mtu. "Nzuri sana, baba." Nilirudi Kayanga nikaandika nyumba nane, zote zimeridhika. Injinia alifurahi hata akaninunulia soda. Domina alisoma, akavua miwani.

"Kaka, wewe ulitaka waseme nini?"

"Ukweli."

"Umeingia kwa watu na kitu mkononi. Umepewa kahawa umetafuna. Halafu wakwambie ulicholeta ni kibovu? Hata ungewapelekea kinyesi cha mbuzi wangekisifu kwa umbo."

Siku ya pili nilirudi kwa Ma Leokadia peke yangu, nikamsihi. Nikamwambia kazi yangu ni kutafuta makosa, asiponipa makosa nitafukuzwa. Alifikiri huku akimenya ebitoke, zile ndizi za kupika.

"Bibi zako wapo?"

"Wote wametangulia."

"Vizuri," akasema, kisha akajisahihisha, "yaani, pole. Sikiliza. Mwenyeji hawezi kumwambia mgeni wake kwamba kitu chake hakifai. Haijawahi kutokea kwenye nyumba hii na haitaanzia kwangu. Lakini bibi na mjukuu ni watani. Bibi anatukana, mjukuu anatukana, hakuna kesi. Kuanzia leo mimi ni bibi yako. Umesikia, mume wangu?"

"Nimesikia, mke wangu."

"Haya. Lete hiyo takataka."

Vijana, nilipata saa mbili za upimaji ambazo sijawahi kuzipata tena. "Maandishi yako ni ya chawa kusomea. Eti piga picha jani lote! Jani la mgomba lote? Nipande wapi, juu ya kanisa? Na hiki kitufe kinataka mtu aliyenawa." Akanionyesha. Mikono yake ilikuwa na utomvu wa ndizi, ule unaokauka na kuwa mweusi, na skrini haikumtambua kabisa. Mimi nilikuwa nimepima kwa vidole vya ofisini. Mtu aliye shambani hana vidole vya ofisini. Tangu siku ile hadi nimestaafu sijapima programu ya mkulima kabla ya kumenya ndizi tatu mbichi.

"Bibi," nikamchokoza, "labda ni macho yako yaliyochakaa."

"Yamechakaa, lakini hayajawahi kuiita nguo yangu mgomba."

Niliandika kurasa sita kwenye daftari la kaunta. Kuyaingiza hayo kwa Kijani ilikuwa kazi nyingine, maana alitaka kila hitilafu iwe na chanzo, na kwenye orodha yake ya vyanzo hapakuwa na bibi. Nikaandika "mtaalamu wa nje". Domina alirekebisha karibu yote, na safari hii Daktari aliweza kutofautisha kitenge na mgomba.

Hapa ndipo napotaka mnisikilize, kwa sababu hapa nilikosea, na sitaki mlaumu zana.

Fundi akiziba tundu huku, mara nyingi hutoboa kule. Kwa hiyo baada ya marekebisho unapima upya, na unapima kwa simu za kila aina, kwa sababu watu hawana simu moja. Ndiyo maana nilibeba boksi kutoka Songea. Simu namba saba, kwa mfano, ilikuwa ya aina iliyojaa Karagwe yote kwa sababu ilikuwa rahisi, na kamera yake iliona dunia kama imepakwa samli. Lakini wakubwa wa mradi walikuwa wanataka kuona duara kesho yake asubuhi. Boksi lilikuwa chini ya kitanda changu, simu hazina chaji. Nilikuwa nimepima kwa ile simu mpya tu, na yote yamepita. Nikaweka kidole kwenye "nakili chini". Mistari kumi na moja ikageuka kijani kwa mara moja, kila mmoja na jina langu na tarehe. Sikuona kama nimesema uongo. Niliona kama nimefagia.

Injinia alilipiga picha lile duara akaliweka kwenye ukuta wa ofisi.

Wiki kadhaa zikapita. Daktari akagawiwa kwa mabwana shamba, waanze na Ihembe. Utaratibu ukapangwa: shamba ambalo Daktari atalisoma kuwa na mnyauko linafungwa vitambaa vyekundu, na baada ya siku saba kamati inakuja kung'oa. Asubuhi moja Domina aliingia na kofia ya pikipiki bado kichwani.

"Kaka, wamefunga vitambaa kwa bibi yako."

"Vingapi?"

"Shamba zima."

Tulikwenda. Ma Leokadia alikuwa amekaa mlangoni, na nyuma yake migomba yote imevishwa nyekundu kama imealikwa sherehe. Jirani aliyekuwa akiazima panga lake kila siku alikuwa amepita njia ya mbali, asije akabeba ugonjwa. Tulipoketi hakuniita mume wake.

"Alikuja bwana shamba," akasema. "Akapiga picha. Simu ikamwambia ng'oa."

"Na wewe ukasemaje?"

"Nilimwambia asante kwa kuja."

"Bibi! Kwa nini hukukataa?"

"Alikuwa mgeni. Alikuwa ameshakunywa maji yangu."

"Lakini migomba inaumwa?"

"Miche hii alinipa mama mkwe wangu siku niliyoletwa hapa. Mume wangu, yule wa kweli, si wewe, amezikwa pale katikati yake. Nakula hapa, nasali hapa. Ingekuwa inaumwa, ningengoja kuambiwa na simu?"

Bwana shamba tulimkuta nyumba ya tatu. Kijana mwema, viatu vimejaa tope. Nikamuuliza yeye mwenyewe, kwa macho yake, ameonaje.

"Mizima," akasema. "Naona ni mizima kabisa."

"Sasa?"

"Simu imeshasoma na ripoti imeshakwenda. Nikiandika nilichokiona kwa macho, nitakiandika kwenye kipengele gani? Halafu ninyi wenyewe mlituonyesha duara. Lilikuwa kijani lote, mzee."

Nikaomba kuiona simu yake. Sikuhitaji kuiwasha. Ilikuwa ndugu pacha wa namba saba.

Tulipofika Kayanga Domina alifungua Kijani, akatafuta mstari wa namba saba, akausoma kwa sauti: imepita, jina langu, tarehe. Sekunde ileile kwa simu zote kumi na moja.

"Kaka, ulikuwa na mikono mingapi siku hiyo?"

Nilimwambia ukweli. Hakunitukana, na hilo liliniuma kuliko tusi.

Siku ya sita wakubwa wa mradi walikuja Kayanga, watu wanne, kusikia jinsi kazi ilivyofanikiwa kabla ya kwenda kuangalia ung'oaji. Injinia alisimama mbele ya duara lake ukutani na fimbo ya kuelekezea. Aliposema "majaribio yote, simu zote", nikanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Si zote, Injinia. Ni simu moja. Hizo nyingine kumi na moja nilinakili."

Injinia akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu anayetaka uketi.

"Unataka kusema Kijani ametudanganya?"

"Kijani hajadanganya mtu. Mimi ndiye niliyedanganya. Yeye aliupaka uongo wangu rangi tu."

"Unaelewa unachokisema? Unaelewa kitakachokupata?"

Nilielewa. Nilikuwa na chumba cha kupanga, kitanda nilichokinunua mwenyewe kwa mara ya kwanza maishani, na kazi ambayo nilikuwa nimeipenda. Nikalivuta boksi kutoka chini ya kiti. Usiku kucha nilikuwa nimelichaji. "Naomba twende nalo Ihembe," nikasema. "Tupime leo kile nilichosema nimepima."

Mkubwa mmoja, mama mwenye miwani ya kamba, alikuwa tayari amesimama. "Twende."

Ma Leokadia alitupokea wote kwa kahawa, kwa heshima, kila mtu na buni zake mkononi. Kisha nikachagua mgomba mmoja, mmoja tu, nikaupiga picha kwa simu kumi na moja, mahali palepale, jua lilelile, na kila jibu nikalisoma kwa sauti huku Domina akiandika kwenye daftari la kaunta. Simu saba zilisema mzima. Tatu, namba saba ikiwemo, zilisema una mnyauko, ng'oa. Moja ilisema haioni mgomba wowote hapa, isogezwe karibu.

"Basi nyingi zimesema mzima," akasema Injinia kwa matumaini. "Saba kwa tatu."

"Injinia, hatupigi kura," Domina akamjibu.

Mama wa miwani akamgeukia bwana shamba: ukweli unajulikanaje? Bwana shamba akaeleza kwamba mgomba wenye mnyauko ukiukata shina, baada ya dakika chache pale penye jeraha hutoka uteute wa njano kama usaha. Mzima hautoi. Lakini ukishaukata, akaongeza, umeshaukata.

Wote tukamtazama mwenye shamba. Alitutazama wageni wanane, mikono yetu imejaa kahawa yake, na nikaona anavyopigana na ulimi wake. Akaingia jikoni. Akatoka na panga, akalipitisha kwenye moto wa mafiga upande huu na upande huu, kwa sababu panga lisilopita motoni ndilo linalotembeza ugonjwa. Hakuchagua mgomba dhaifu. Alikwenda kwenye uleule tuliokuwa tumeupiga picha, uliobeba mkungu mkubwa kuliko yote, ambao haujakomaa bado, hatua chache kutoka kaburini. Akasema kitu kwa Kinyambo ambacho sikukielewa. Akakata.

Mgomba ulilala polepole. Tukainama juu ya kisiki. Utomvu ulitoka, maji maji, mwangavu. Tukasubiri. Mkubwa mmoja alitazama saa, akaona aibu, akaishusha. Mimi nilitazama lile duara jeupe la shina lililokatwa na kuomba lisigeuke rangi yoyote. Miaka yote ya kazi yangu nimekodolea macho maduara ya kila aina, na hilo ndilo pekee nililoliogopa.

Halikugeuka. Bwana shamba akaligusa kwa kidole, akanusa, akainuka. "Mzima," akasema, na safari hii alilisema kwa sauti ya ofisini.

"Mama," akasema mkubwa mmoja mwenye daftari mkononi, "hili jaribio linaitwaje kwenye mfumo wenu?"

"Linaitwa panga, baba. Asante kwa kuja."

Vitambaa vilifunguliwa jioni ileile. Vilikuwa vingi, Domina alivijaza kwenye kiroba. Mgomba mmoja na mkungu wake ambao haukuiva, hiyo ndiyo gharama ya kidole changu kimoja, nami niliukatakata mwenyewe na kuubeba. Bibi hakunisaidia. Alikaa akinitazama nikihangaika, kisha akasema, "Hata kubeba hujui, mume wangu." Nikajua nimesamehewa.

Sikufukuzwa. Injinia aliitisha kikao akaeleza kwamba tatizo si watu, tatizo ni zana, na akatuletea zana ya nne. Ilikuwa nzuri, nawaambia kweli. Haikuwa na "nakili chini". Iliandika bila mtandao na kupeleka baadaye. Ilionyesha kwa rangi ya kijivu yale ambayo hayajapimwa, jambo ambalo kati ya zile tatu hakuna iliyowahi kulifanya, na mkichagua zana chagueni kwa hilo kabla ya yote: ione mapengo yenu. Nilipofungua ukurasa wangu nikakuta cheo changu kimeandikwa "mtazamaji". Naweza kusoma kila kitu, siwezi kuandika chochote. Nilitazama miezi minne. Daktari alipimwa upya na Domina kwa simu za kweli, akawa Daktari mwenye adabu, anayesema "sina hakika" pale asipokuwa na hakika. Kazi ya kutazama, hata hivyo, si kazi ya mtu wa aina yangu, na miguu ikaanza kuwasha.

Siku ya kuondoka Domina aliomba namba saba nimwachie. Aliitundika kwenye msumari juu ya meza yake. Zikabaki kumi. Nikazifunga kwenye boksi lilelile, na Domina akanipitisha Ihembe kabla ya kunipeleka stendi Omurushaka.

Ma Leokadia alikuwa amefunga buni kwenye jani la mgomba lililokaushwa, zawadi ya safari. Kwenye kile kisiki machipukizi matatu yalikuwa yamefika kiunoni. Tukakaa. Nikatafuna. Nilipoinuka nikamuuliza nilichotaka kumuuliza tangu siku nyingi.

"Kazi yangu hapa, bibi, uliionaje?"

Akanipa mkono kwa mikono yake miwili.

"Ilikuwa nzuri sana," akasema. "Asante kwa kuja."

Nilipanda pikipiki nyuma ya Domina. Mnajua maneno yale ni ya nani. Ni ya kumwambia mgeni aliyeleta kitu kibovu. Ina maana mimi niliyeishi naye kwa matusi miezi yote hii, nimeshakuwa mtu wa kusindikizwa. Domina akawasha. Tukashuka kijia kati ya migomba, hatujafika hata barabarani, ndipo sauti ikatufuata kutoka juu, sauti ambayo umri haujaipunguza.

"We mjinga! We mume nisiye na bahati naye! Boksi lako limefunguka hilo, simu zinadondoka! Mwaka mzima unapima vitu vya watu, chako hujakipima hata siku moja!"

Nikageuka. Namba mbili na namba tisa zilikuwa zimelala kwenye majani makavu nyuma yetu. Nikashuka kuziokota, nikacheka mpaka Domina akazima pikipiki. Kisha nikakaa chini palepale njiani, nikalifunga boksi upya, mafundo mawili ya haja, bibi akichungulia kutoka mlangoni kuona kama yamekaza.